Dhamiri, shaka, ukavu na wasiwasi: kwa nini anayeshika dini hujiona mbovu kuliko zamani

Kila Ramadhani, vipindi vya maswali na majibu redioni hupokea swali lilelile kwa sauti tofauti. Mpigaji husema: "Shehe, zamani nilikuwa naswali kwa kubahatisha na nilikuwa na amani. Sasa nimeshika dini, naona swala zangu zote hazifai." Upande mwingine wa mji, mhubiri wa mkutano wa injili anawaita mbele wanaotaka kuokoka, na kati ya wanaotoka wamo waliotoka mwaka jana, na mwaka juzi, na kwenye mkutano wa wiki ya Pasaka. Wahudumu wanawajua kwa majina. Hawajarudi kwenye ulevi wala hawajaiba cha mtu. Wametoka kwa sababu hawana hakika kama ile sala ya toba ya kwanza ilipokelewa.

Majibu wanayopewa huwa mafupi. Ongeza ibada. Mkemee shetani. Funga siku tatu. Imani yako haba. Yapo yanayowafaa baadhi ya watu, lakini wengine huwazidishia maumivu, kwa kuwa hali zenyewe si moja. Tunaziita zote "shaka", au "imani kuyumba", au huko makanisani "kupoa", kisha tunashangaa ushauri uliomponya jirani unapomvuruga mwingine.

Tuzitenganishe kwanza. Dhamiri ni ile sauti inayotaja kosa, na kosa hilo lina siku yake na mtu wake: ulimsengenya fulani juzi kwenye harusi, hujalipa deni la dukani. Ukiomba radhi na ukalipa, inanyamaza. Shaka ni swali juu ya Mungu au juu ya mafundisho yenyewe: je, dua inasikiwa kweli? Kwa nini mtoto yule afe? Swali la namna hii linataka elimu, muda na mtu wa kuzungumza naye. Ukavu ni kukosa ladha. Unasali, maneno yanatoka, moyo haumo. Na wasiwasi, kwa maana ninayoitumia hapa, si ile hofu ya kodi ya nyumba au ya matokeo ya mtihani. Ni swali lililokwishajibiwa ambalo baada ya dakika mbili linarudi likidai kujibiwa upya.

Kujitilia shaka huzaliwa na hayo yote manne. Mtu anaanza na "nimekosa", au "sielewi", au "sihisi kitu", halafu anaishia kwenye "mimi si mtu wa dini, najifanya tu". Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayoumiza, na mara nyingi huirukia bila ushahidi wowote.

Sikio hutangulia ulimi

Mbona basi hali hii huwapata zaidi wanaojitahidi kuliko wasiojali? Mtazame mwanafunzi wa tajwidi, elimu ya kuisoma Qurani kwa matamshi sahihi. Kabla ya kwenda darasani alikuwa akisoma Yasini msibani kwa sauti ya juu, bila haya. Miezi michache baadaye ameshajua ghuna, ile sauti ya puani, ni nini, madi huvutwa kiasi gani, herufi za kalkala hutamkwa vipi, na sasa akikabidhiwa msahafu mbele za watu anatetemeka. Anasikia kila kosa lake. Ukimwuliza, atakuambia usomaji wake umeharibika. Mwalimu wake anajua kuwa umetengenea. Kilichotokea ni kwamba sikio limejifunza upesi kuliko ulimi, na pengo lililopo baina yao ndilo analolihisi kama aibu. Wanakwaya walioanza kusoma nota wanaijua hali hii.

Ndivyo ilivyo kwa anayeilea roho yake. Zamani alisengenya toka asubuhi hadi usiku na akalala fofofo. Sasa amefundishwa kwamba ulimi una hesabu yake, na akiteleza mara moja mchana kutwa anaona amechafuka mwili mzima. Makosa yamepungua ila kipimo kimekuwa kikali, naye hakumbuki siku kilipobadilishwa. Qurani yenyewe inazitaja nafsi kwa sifa tatu: ile iamrishayo maovu katika Sura Yusuf, ile ijilaumuyo katika Sura al-Qiyama, na ile iliyotua katika Sura al-Fajr. Hiyo ijilaumuyo Mwenyezi Mungu ameiapia, na wanaofundisha malezi ya nafsi huiweka katikati ya njia. Aliyefika hapo kuna mahali ameshapaacha nyuma.

Hata hivyo, si kila anayejiona mbovu anakua. Aliyekula pesa za kikundi cha akina mama na sasa hapati usingizi hana fumbo la kiroho la kufafanuliwa. Arudishe pesa. Tatizo la mazungumzo yetu ya siku hizi juu ya "kujikubali" ni kwamba yanaituliza dhamiri pale inaposema kweli, halafu yanakosa la kumwambia mtu asiye na kosa lolote la kutaja.

Waliotangulia nao waliuliza

Imani iliyoenea kuliko zote ni kwamba mcha Mungu wa kweli hana shaka. Vitabu vitakatifu havisemi hivyo. Ibrahimu aliomba aonyeshwe jinsi wafu wanavyohuishwa, akaulizwa, kwani huamini? Akajibu: naamini, lakini ili moyo wangu utulie. Yohana Mbatizaji, aliyembatiza Yesu kwa mikono yake, alipokuwa gerezani aliwatuma wanafunzi wake wakaulize: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Yule baba wa mtoto mgonjwa katika Injili ya Marko alisema mambo mawili kwa pumzi moja, kwamba anaamini na kwamba asaidiwe kutokuamini kwake, na mwanawe akaponywa vilevile.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Hanzala, mmoja wa waandishi wa Mtume, kilichopokewa katika mkusanyo wa hadithi wa Sahihi Muslim. Abu Bakr alikutana naye akamwuliza hali. Akajibu: Hanzala amekuwa mnafiki. Abu Bakr akashtuka. Hanzala akaeleza kwamba wanapokuwa mbele ya Mtume akiwakumbusha Pepo na Moto, ni kama wanaviona kwa macho, lakini wakitoka pale wakarudi kwa wake zao, watoto wao na mali zao, wanasahau mengi. Abu Bakr hakumkemea. Alisema, hata sisi hayo yanatukuta. Wakafuatana hadi kwa Mtume, naye akawaambia kwamba lau wangedumu katika hali ile wanayokuwa nayo mbele yake, malaika wangepeana nao mikono vitandani mwao na njiani. Lakini, ewe Hanzala, saa hii na saa hii. Akalirudia neno hilo mara tatu.

Hanzala alikuwa akijipima kwa hisia. Hisia ziliposhuka alidhani imani nayo imeshuka, akajipa jina zito kuliko yote katika dini. Na asingelisema lile neno hadharani, pale njiani, asingejua kwamba Abu Bakr naye yanamkuta.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Ushuhuda husimuliwa ukishaiva. Mtu husimama akaeleza jinsi alivyokuwa gizani miaka mitatu akatoka. Aliyeko gizani leo amekaa kiti cha nyuma na hasemi. Kwenye simu ndiyo usiseme: aya asubuhi, dua mchana, picha ya Umra jioni. Unalinganisha yanayokutokota ndani na yale wenzako waliyoamua kuyaonyesha, na hukumu inajulikana kabla ya kesi kuanza.

Afrika Mashariki tuna mfano mkubwa wa kinyume chake. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini nchini Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kubwa iliyoipiga nchi ile. Huko Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akisema wazi kwamba kuna kitu kinakosekana katika Kanisa la Uganda. Wakakaa na Biblia, wakaomba pamoja. Urafiki huo ni mojawapo ya mizizi ya uamsho ulioenea miaka ya 1930 kutoka Gahini hadi Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi, wa wale walioitwa balokole, yaani waliookoka. Ndani yake ukazaliwa utaratibu wa kutembea nuruni: ndugu hukaa pamoja na kila mmoja akasema lililomshinda wiki hiyo, mchungaji kama mkulima. Uzuri wake ulikuwa huo, kwamba hakuna aliyebaki akidhani yuko peke yake. Ubaya wake, kwa maoni yangu, ni kwamba mtu akizoea kuleta dhambi kila wiki, wiki asiyokuwa nayo ataitafuta.

Tena tusiusahau mwili. Eliya alipoketi chini ya mretemu akaomba afe, hakuhubiriwa kwanza. Alilala, akaamshwa ale mkate na anywe maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili, ndipo safari na mazungumzo yakafuata. Anayekesha kumi la mwisho la Ramadhani huku anadamka kwenda kazini, au aliyemaliza mkesha wa siku tatu akaingia zamu Jumatatu, akijiona hana imani kabisa, aanze kwa kulala.

Wasiwasi ni habari nyingine

Nenda msikiti wowote wa mjini dakika chache kabla ya adhuhuri utazame kwenye mabomba. Utamwona kijana anaosha mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko, anakigeuza kiwiko akakitazama, anaosha tena, anaondoka hatua mbili, anarudi. Nyuma yake foleni inaguna. Akishaingia swafuni utamsikia: "Allahu... Allahu...", mikono inapanda masikioni inashuka, inapanda tena, imamu yuko kwenye rukuu naye bado hajaingia kwenye swala. Anarudia kwa kuwa nia haikukaa sawa. Pwani yetu wengi ni Mashafi, wafuasi wa Imamu Shafi, na madhehebu hiyo inataka nia iende sambamba na takbira ya kuhirimia, ile "Allahu Akbar" ya kufungulia swala, kwa hiyo mwenye wasiwasi amepata mahali pa kushikwa. Lakini wanazuoni wakubwa wa madhehebu hiyohiyo, akiwamo Imamu Nawawi wa karne ya 13, waliona inatosha mtu awe anajua anachoswali, kama watu wanavyoelewa nia katika maisha ya kawaida.

Sheria ya dini, katika jambo hili, ni laini kuliko wengi wanavyodhani. Aliyelalamika kwamba ndani ya swala anahisi kama udhu umetenguka aliambiwa na Mtume asitoke mpaka asikie sauti au anuse harufu. Asiyejua kama amefikisha rakaa tatu au nne ashike zile tatu alizo na yakini nazo, akamilishe, kisha alete sijda mbili za kusahau. Na yule ambaye shaka hizi zimemtawala, zinamjia kila siku, Wamaliki, wafuasi wa Imamu Malik, humwambia asizisikilize kabisa, ahesabu kwamba amekwishafanya. Mtu wa kawaida na mtu wa wasiwasi wanauliza swali moja wanapewa majibu mawili, na majibu yote ni sahihi.

Sababu ni kwamba wasiwasi hulishwa na kurudia. Ukirudia udhu unapata nafuu ya dakika chache. Akili inajifunza kuwa nafuu hupatikana kwa kurudia, na safari ijayo itadai mapema zaidi na kwa sauti kubwa zaidi. Ndiyo maana ule ushauri wa "ongeza ibada", unaomfaa mvivu, kwa mtu huyu ni kuongeza moto. Kuokoka upya kila mkutano ni mwendo huohuo. Kuungama tena dhambi ambayo padri alishaiondoa ni mwendo huohuo.

Ignasi wa Loyola, mwasisi wa Wajesuiti, aliyapitia haya mwaka 1522 katika mji wa Manresa, Hispania. Alikuwa askari aliyevunjwa mguu na mzinga mwaka uliotangulia, akaamua kumtumikia Mungu. Aliungama maisha yake yote, kwa maandishi, kwa siku tatu. Haikutosha, akaungama tena, na tena. Muungamishi wake akamwambia asitaje tena makosa ya zamani isipokuwa yale yaliyo wazi kabisa. Shauri zuri, ila kwa Ignasi yote yalikuwa wazi kabisa! Alifikia mahali akatamani kufa. Alikaa wiki nzima bila kula akitafuta nafuu, mpaka muungamishi akamwamuru ale. Alichofanya mwishoni ni kukata shauri kwamba ya zamani hatayaungama tena, hata yakimjia kwa nguvu namna gani. Hapo ndipo alipofunguka, na baadaye akawa mwalimu wa wengine katika jambo hilohilo.

Kuna sura ya wasiwasi inayotisha zaidi, ya mawazo machafu. Mtu yuko katikati ya sala, tusi juu ya Mungu linapita kichwani. Muislamu anadhani ametoka katika Uislamu. Mkristo anadhani ametenda ile dhambi isiyosameheka, ya kumkufuru Roho Mtakatifu. Masahaba walimwendea Mtume wakamwambia wanakuta nafsini mwao mambo ambayo ni mazito mno hata kuyatamka. Akawajibu kwamba hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Maana lingekuwa ni lako usingeliogopa. Wachungaji nao huwaambia waumini wao vivyo hivyo, kwamba moyo uliokufa ganzi hauji ofisini kulia juu ya dhambi hiyo.

Wazo la kwamba anayerudiarudia hivi amerogwa au ana pepo ni la kuachwa. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya wasiwasi wa namna hii akiuweka pamoja na hofu, hasira na huzuni, katika magonjwa ya nafsi yanayohitaji tiba kama mwili unavyohitaji. Madaktari wa leo nao wanautambua kuwa ugonjwa. Mtu hufundishwa, hatua kwa hatua, kulistahimili lile wazo bila kurudia kitendo, na wengine hupewa dawa, mara nyingi zilezile zinazotumika kwa sonona. Ukiona udhu unachukua nusu saa, au ngozi ya mikono inapasuka kwa maji na sabuni, au mtu ameanza kukwepa swala au kanisa kwa kuogopa kukosea, au anazungumzia kufa, asingojee. Hospitali ya rufaa yoyote ina pa kuanzia. Mirembe Dodoma, Muhimbili, Kidongo Chekundu Unguja, Mathari Nairobi na Butabika Kampala wana wataalamu wa afya ya akili. Kwenda huko si kumwacha shehe au mchungaji. Shehe mwenye hekima atampa fatwa ya kutorudia, na daktari atamfundisha jinsi ya kuitii.

Je, niache kufundisha?

Swali hili huulizwa na ustadhi wa madrasa, mwalimu wa Shule ya Jumapili, kiongozi wa jumuiya ndogondogo. Anasimama mbele ya watoto akiwafundisha dua, na ndani anahisi ukame. Anajiita mnafiki. Lakini mnafiki huficha ili adanganye, na hapati usumbufu wowote.

Historia inatupa watu wawili walioamua tofauti. Al-Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu, alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiya cha Baghdad. Alipojichunguza aliona kinachomsukuma kufundisha ni jaha na sifa, akasitasita karibu miezi sita, ulimi ukagoma kutoa somo, na mwaka 1095 akaondoka mjini. Alirudi kufundisha zaidi ya miaka kumi baadaye. Mama Teresa wa Kolkata, ambaye barua zake zilichapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, aliishi na giza la moyo kwa karibu miaka 50, akisali bila kuhisi kuwa kuna anayemsikia, na hakuiacha kazi yake kwa sababu ya giza hilo. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2016.

Tofauti yao iko kwenye yale tuliyoyatenganisha mwanzo. Ghazali alikuwa na dhamiri iliyotaja kitu chenye jina, na dawa yake ilikuwa kukiacha. Teresa alikuwa na ukavu usiotaja kosa, na ukavu hauamriwi kuondoka kwa kujiuzulu. Ignasi aliacha kanuni inayowafaa wote wawili: wakati wa kiza usibadili uamuzi ulioufanya ukiwa na mwanga. Hata Ghazali, ukimtazama vizuri, hakuondoka usiku ule wa kwanza.

Kwa hiyo, ustadhi, kama darasa lako ni Jumamosi, nenda ukafundishe. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui. Habari ya kujiuzulu ipangie siku mwezi ujao, ukiwa umelala vya kutosha na umeshazungumza na mtu mmoja aliyekutangulia katika njia hii; ikiwa siku hiyo bado ina nguvu na ina sababu unayoweza kuitaja kwa jina, kaeni muijadili.